Maji Yaliyomwagwa Mbele ya Mstari

Mpaka leo nikiyakumbuka maji yale nasikia kinyaa.

Baba yangu alikuwa katekista Masasi, nami nilipomaliza chuo cha ualimu nikapangiwa shule moja Newala, miaka ile watu walipokuwa wakivuka Ruvuma kumkimbia Mreno. Maji ya Newala yalipandishwa kichwani kutoka bondeni, na mlima ule hauna huruma. Kwa hiyo kila mwanafunzi alikuja asubuhi na kopo lake la maji, akalimimina kwenye pipa la shule, na wote tukanywa humo.

Kulikuwa na msichana mmoja mkimbizi, mwenye chale za kwao usoni. Siku moja alipofika pipani, viranja wawili walimpokonya kopo wakamwaga maji chini. "Hatunywi maji ya Mmawia!" Mstari mzima ukacheka, na walimu wawili nao wakacheka. Na Mmawia ni Mmakonde tu wa ng'ambo ya Ruvuma. Wamakonde wenzake, jamani! Bibi za watoto wale walikuwa na chale hizo hizo. Kweli nyani haoni kundule.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, mtu wa bara, mpole wa sauti.

"Mwalimu, wewe bado mgeni kazini," akaniambia. "Shule yangu haina ubaguzi. Kila asubuhi si tunakariri kwamba binadamu wote ni ndugu?"

Kisha akakata shauri: kuepusha ugomvi, msichana asilete maji tena. Na kwa kuwa haleti, asinywe. Viranja hawakuulizwa hata neno. Mnafiki yule alijiona ametumia busara, akaniaga kwa tabasamu.

Msichana alivumilia siku chache, midomo imemkauka, kisha hakuonekana tena darasani.

Afisa elimu alipokuja kutukagua, aliuliza habari za watoto wa wakimbizi. Mwalimu mkuu akajibu bila kupepesa macho, "Tunaishi nao vizuri, mzee. Alikuwapo mmoja, lakini amehama. Si unawajua, watu wa kuhamahama."

"Hajahama, mzee," nikasema. "Kwao ni pale, panaonekana dirishani."

Afisa hakugeuza hata shingo. Aliuliza kama chai iko tayari, na mwalimu mkuu akainuka kumkaribisha. Nilitamani kuwatapikia wote wawili pale mezani.

Jioni nilikwenda kwao. Mama yake, mwanamke mwenye ndonya, lile pambo la mti, kwenye mdomo wa juu, hakuitikia shikamoo yangu, wala sikumlaumu. Msichana alikuwa amekaa chini akimenya muhogo, amevaa sare ya shule. Aliponiona alifuta mikono haraka, akasimama wima.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. "Kwenye hesabu mmefika wapi?"