Ulimi wa Kondo na Maji ya Choya

Matombo nzima walikuwa wanajua: ukitaka kujua shamba lako linafaa nini, usihangaike, muite Kondo. Anachota udongo kiganjani, anaweka kidogo ulimini, anafumba macho kama padri kwenye misa, halafu anatema. "Huu mkali. Weka ndizi." Au, "Mtamu huu, panda maharage." Na alikuwa hakosei, miaka ishirini. Mwenyewe alijisifu kwamba yeye aliishia darasa la nne, ila ulimi wake uliendelea na shule.

Sasa, mwaka jana kuna kitu kilimpata, hakumwambia mtu. Alipigwa homa wiki mbili, akapona yeye, ulimi haukupona. Pilipili, asali, udongo, vyote kama anatafuna karatasi. Mtu mwingine angesema. Kondo? Thubutu! Aliendelea kuonja, macho anafumba vilevile, anabahatisha. Wiki iliyopita akambahatishia shemeji yake Veronika, mjane wa kaka yake: "Mtamu, shemeji. Panda maharage." Shamba la Veronika ni hilohilo moja, mbegu zikiharibika hana nyingine, na siku ya kupanda ni Jumamosi.

Ndiyo maana Ijumaa jioni Kondo alikuwa mjini, kwenye viwanja vya chuo kikuu, udongo wa shemeji kaufunga kwenye kitambaa, kautia mfukoni. Binamu yake Dadi, anayekaa Mafiga hukohuko mjini, ndiye aliyempa habari kwamba siku hiyo chuo kinawaonyesha wananchi sayansi, na udongo unapimwa. Dadi alikuja kuchungulia mwezi kwenye darubini. Kondo akasema na yeye kaja kuona mwezi. Muongo mkubwa.

Meza ya udongo ilikuwa na binti mwanafunzi, Rahel, kapanga glasi za maji yenye rangi ya zambarau iliyopauka, na maua makavu ya choya pembeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo si choya? Mmetuita kunywa juisi?"

"Ni choya, baba, lakini leo iko kazini."

Akatia jivu kijiko kimoja, akakoroga. Maji yakageuka kijani palepale, kijani cha majani. Watu wakaguna. Glasi nyingine akaikamulia limau, yakawaka mekundu kama taa ya nyuma ya pikipiki.

Kondo nywele zilimsimama. Miaka yote aliamini kutambua ukali wa udongo Mungu kampa yeye peke yake, kamwekea mdomoni. Kumbe choya, hii iliyojiotea nyuma ya jiko lake, inayochumwa kwa juisi tu, hata kuku wanaipita, ilikuwa inajua siku zote. Imenyamaza tu. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa glasi. Alisahau hata kufunga mdomo.

"Jamani!" Dadi akapaza sauti. "Huyu binamu yangu anapima udongo kwa ulimi! Hebu mpeni aonje, muone maajabu!"

Watu wakageuka. Rahel akacheka. "Kweli, baba? Tushindane basi."

Kondo akatoa kitambaa. "Leo ulimi umepumzika. Nipimie huu."

Rahel akauloweka kwenye maji, akauchuja, akamimina yale maji kwenye choya. Kondo aliyaangalia hapepesi. Rangi ikatulia kidogo, halafu ikaanza kwenda, ikaenda, ikawa nyekundu.

"Mkali sana, baba. Ukipanda maharage hapa yatadumaa. Utie kwanza jivu au chokaa, usubiri, ndiyo upande."

Kondo alipiga simu palepale.

"Shemeji, kesho usipande."

"Kwa nini? Si ulionja?"

Dadi yuko ubavuni, Rahel mbele, foleni nyuma.

"Nilikudanganya. Ulimi wangu ulikufa na ile homa. Hausikii kitu."

Kicheko kikatoka kwenye simu mpaka Dadi akakisikia.

"Najua, shemeji. Jumapili nilikutilia chumvi mara tatu kwenye mchuzi. Ukala, ukalamba na vidole, ukanisifia. Mbegu ningezifungua mimi? Nilikuwa nakusubiri useme mwenyewe."

Dadi alicheka mpaka akashika meza, akaanza kuwauliza wakulima wengine kwenye foleni kama na wao wamekufa ulimi. Kondo wala hakumsikia. Alikuwa ameinama tena kwenye glasi.

"Mwanangu," akamwambia Rahel, "nirudie ile ya jivu. Taratibu, tafadhali. Nataka nione pale inapogeuka."