Maana za Lini

Tulimpa jina la Mama Pindo kwa sababu katika kiwanda chetu cha nguo hakuna anayepinda suruali kama yeye, na kwa sababu yeye mwenyewe hapindiki.

Meneja mpya alipotangaza kwamba kiwanda sasa kitakuwa "lini", tulimwuliza kwa adabu: lini nini? Akarudia: lini. Fundi wa vifungo akasema hata sisi tungependa kujua. Tulicheka mpaka meneja akanuna. Kumbe ni neno la Kiingereza, "lean", na alimaanisha kupunguza watu. Kicheko kikatukauka.

Mama Pindo alimwuliza binti yake anayesoma sekondari. Binti akamwambia neno hilo lina maana kibao: mtu mwembamba, nyama isiyo na mafuta, ukuta ulioinama, hata kumwegemea mwenzako.

"Maana zote hizo," Mama Pindo alituambia, "na yeye kachagua ya kisu."

Kisu chenyewe kilimwelekea wifi yake, mjane wa kaka yake, mpiga pasi wetu. Nyonga yake mbovu, hivyo hufanya kazi ameegemea meza. Meneja alidai anachelewesha kazi, maana huvuka ukumbi mzima akichechemea kufuata nguo. Mama Pindo akamwomba wiki moja, akapewa. Kisha akamnong'oneza wifi yake kwamba atamsaidia kupiga pasi kila mchana, wenzao wakienda kula.

Mimi niliona ni wema. Wifi yake aliona ni tusi.

"Wifi, kuegemea si kubebwa," alisema. "Ukinipigia pasi, meneja atakuwa kasema kweli. Nisogezee meza tu."

Nadhani Mama Pindo aliona haya. Halafu akakunja mikono ya gauni, akatuita. Tuliisukuma meza ile huku tukihema, mpaka ikakaa ubavuni mwa cherehani ya Mama Pindo. Tangu hapo suruali ikitoka kwenye sindano, wifi anainyaka hapohapo.

Wiki ilipoisha, meneja alikuja kutazama rundo la nguo zilizonyooshwa. Lilikuwa kubwa kuliko la zamani. Hakumsifu mtu, ila alisema meza ibaki hapo, na mpiga pasi wake abaki nayo.

Siku zote meneja akipita, wifi alikuwa akiuma meno na kusimama wima. Safari hii aliegemea meza mbele ya macho yake, akavuta suruali nyingine.