Mvinyo wa Mama Kwenye Chupa ya Baba Mkwe

Siku niliyokwenda ukweni kwa mara ya kwanza, baba mkwe alinimiminia mvinyo wa mama yangu mzazi, akaniambia ni wake.

Tulia, nikupe mkanda mzima.

Mimi ni mtoto wa milimani. Mama yangu analima zabibu, anatengeneza mvinyo na kuuuza kwa mapipa. Stoo yake na jiko la kuni vinatenganishwa na ukuta mmoja mbovu, kwa hiyo mvinyo wake una kaharufu ka moshi. Tumemtania mpaka tumechoka. Mteja akilalamika anajibiwa, "Moshi nakupa bure."

Mchumba wangu ni wa bondeni. Na watu wa bondeni, ukiwasikiliza, mvinyo waliuanzisha wao. Sisi wa milimani tunatengeneza siki.

"Baba alishasema haozeshi milimani," akanionya njiani. "Atakuonjesha. Wewe sifia glasi ya mwisho, basi."

"Ya mwisho ndiyo yake?"

"Unadhani mzee atajiweka katikati?"

Mzee huyo sasa! Nikampa shikamoo, akaipokea huku anakagua viatu vyangu. Akanitembeza shamba zima juani, kila mzabibu una historia yake na kila historia ina yeye ndani. Ndipo akaniketisha sebuleni mbele ya glasi tatu na ndoo ya plastiki.

"Ndoo ya nini, baba?"

"Ya kutemea. Muonjaji hamezi."

Mimi nilishameza.

Glasi ya kwanza ilikuwa ya jirani yake. "Huyu anajitahidi," akasema. Ya pili ilikuwa ya milimani, kainunua dukani. Akasukutua, akaitema ndooni kama aliyekuta nzi.

"Siki! Watu wa kwenu hawana subira, kijana. Usichukie."

"Sijachukia, baba."

Nilikuwa nimechukia.

Chupa ya tatu ilikuwa na lebo yenye picha yake, tai imemkaba. Akaifungua mwenyewe. Nikanywa.

Moshi.

Nikanywa tena. Jamani, moshi uleule! Nimekua ndani ya moshi huo, mpaka sare zangu za shule zilinuka hivyo.

"Umeusikia?" Mzee kafumba macho. "Ule moshi wa mbali? Huo ni udongo wetu. Milimani huupati hata ulie."

Nikafungua mdomo. Mama mkwe, aliyekuwa ameketi pembeni, akainuka ghafla. "Mwanangu, njoo unishikie sufuria."

Jikoni hakukuwa na sufuria yoyote.

"Umejua," akasema.

"Mama, huu mvinyo ni wa..."

"Shh! Wa mzee unachacha kila mwaka. Mara ya kwanza niliumwaga akiwa safarini, nikanunua pipa la milimani, nikajaza chupa zake. Watu wakasifia, mzee akanenepa kwa furaha. Ningeanzia wapi kumwambia?"

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Ukisema, utakuwa umesema kweli, ila mke hapa hupati. Ni wewe tu."

Nikarudi sebuleni.

"Haya, sema," mzee akanikazia macho. "Huko kwenu kuna anayeweza kutengeneza kitu kama hiki?"

Nikamkumbuka mama, vidole vimepauka kwa maji ya zabibu, anakohoa kwenye ile stoo. Mchumba wangu ananitazama, hapumui.

"Hayupo, baba."

Iliniuma, sifichi. Nimemkana mama yangu na mvinyo wake ungali mdomoni. Mzee akanikumbatia, na posa ikakubaliwa palepale.

Lakini harusini ndiko nilikokoma. Mama alikuja na chupa yake, zawadi kwa wakwe. Mzee akaonja, akakunja uso, akaninong'oneza, "Masikini mama yako. Anapikia ndani ya pipa? Moshi mtupu!"

Halafu, kwa ukarimu, akamjazia mama glasi kutoka chupa yenye picha yake.

Mama atajua tu. Ni jasho lake hilo, atakosaje? Mama mkwe kainamia sahani utadhani kaangusha sindano.

Mama akanywa. Akanivuta karibu.

"Mwanangu, ndio huu wanaotutambia? Siki hii! Na moshi wote huu wa nini? Hawa hawaoshi mapipa. Ila usiwaambie, ni ukweni."

"Sawa, mama," nikasema. Nicheke au nilie, sikujua.

Mpaka leo wanahurumiana. Kila msimu mama anamtumia mzee chupa ili ajifunze, na mzee anamtumia mama ya kwake, naye ajifunze. Kazi ya kuzibeba ni yangu.

Nilichoondoka nacho ni hiki: ukiulizwa mvinyo upi mtamu, usihangaike na glasi. Tazama kwanza nani kashika chupa.