Kilichokataa Kuoza

Mtaa mzima ulimjua yule mama fundi cherehani kwa ulimi wake mkali na kwa lundo lake la mboji nyuma ya jiko. Maganda, majani makavu na samadi ya kuku alivipanga mwenyewe, na ole wake atakayetupa plastiki humo!

Mumewe, mvivu wa kutupwa, alipopatikana na presha alianza kupeleka maganda lundoni kila asubuhi bila kuambiwa.

"Ugonjwa umemtia adabu," fundi aliwatania majirani.

Leo, baada ya miezi mitatu, alichukua uma wa bustani akageuze lundo. Uma ukakwaruza kitu. Akainama, akafukua. Zilikuwa pakiti za dawa ya presha, hata kidonge kimoja hakijatolewa. Mengine yote huko chini yalikuwa yameoza, yamekuwa udongo mweusi.

Akaingia ndani na mikono yake michafu. Mumewe alikuwa mezani, akinywa chai. Ule ulimi mkali ukawa mzito.

"Baba watoto, umemeza dawa?"

"Nimemeza, mama. Na maganda nimeshapeleka."