Bibi Anataka Nimtamkie Shahada, na Mimi ni Mkristo

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana mume wangu naye anaufuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, Mkenya, tunaishi Bukoto, hapa Kampala, na watoto. Kazi yangu ni kutunza wagonjwa majumbani. Kwa kawaida si mwoga. Nimeshawafumba macho wazee wawili kwa mikono hii, nikarudi nyumbani nikapika. Lakini mgonjwa niliye naye sasa amenitia hofu.

Ni bibi wa Kiislamu wa Old Kampala, ukoo wao ulitoka pwani zamani kwa biashara. Nitamwita Bi Zuhura. Ana saratani, na hospitali walisema arudi nyumbani akae na watu wake. Watu wake ni mwanawe mmoja tu, Hajji, anayeshinda dukani. Kwa hiyo mchana kutwa tunabaki wawili, ananichokoza kwamba chai yangu isiyo na hiliki ni maji ya kuoshea sufuria.

Nesi alimletea dawa ya maji ya kutuliza maumivu. Bibi akakaza midomo. Nesi akambembeleza, akimwita bibi kwa Kiganda, "Jaja, kunywa tu. Maumivu itapungua, utalala muzuri."

Kulala ndiko alikokuwa hataki. Nesi alipoondoka akanieleza kwamba kwao maneno ya mwisho ya mtu yanatakiwa yawe shahada, na akizidiwa, aliye karibu humtamkia sikioni taratibu ili naye afuatishe. Aliogopa dawa itamzubaisha afe kimya. Basi akavumilia. Jamani, alikuwa anauma shuka! Mimi ndiye niliyeshindwa.

"Bibi, kunywa. Mimi sitoki hapa."

"Utanitamkia?"

"Mimi Mkristo, Bibi."

"Nakujua wewe ni nani. Nakuuliza, utanitamkia?"

Nikasema ndiyo. Akafungua mdomo, akanywa. Tangu hapo hajabisha tena, na usingizi anaupata.

Hajji nilipomwambia alinisikiliza vizuri tu. "Nnyabo," akaniita, yaani mama kwa Kiganda, "asante kwa kazi yako, lakini hilo si lako. Ukiona hali imebadilika, nipigie, nitakuja." Atafika saa ngapi na foleni za mji huu? Akaleta redio ya kusoma Kurani, mama yake akataka izimwe, akasema anataka mtu wa kumshika mkono. Mwalimu wa madrasa huja kumsomea jioni, lakini kifo kitakubali kusubiri jioni?

Mume wangu ndiye aliyenimaliza. "Mama watoto, ukitamka hayo maneno umeshahama dini. Usije hapa kuniambia ulikuwa unasaidia mgonjwa." Tangu siku hiyo naogopa kwenda kazini na naogopa kurudi nyumbani.

Jana mchana nilikuwa nampaka mafuta miguuni, pumzi yake ikakatika. Ikarudi, ikakatika tena. Nikampigia Hajji, akasema yuko Bugolobi, upande wa pili wa mji, anakuja mbio. Nikamlaza Bibi ubavu wa kulia, uso kibla, alivyonifundisha mwenyewe. Nikainama sikioni. Maneno nayajua, ananikaririsha kila siku. Lakini mdomo uligoma. Niliona mume wangu amenifungia mlango, watoto wangu wako ndani, niliona Mungu wangu ananigeuzia uso. Nikabaki pale nampumulia tu sikioni, na yeye midomo yake inacheza, inatafuta cha kufuatisha.

Mungu akamrudisha. Alifumbua macho kabla mwanawe hajafika.

"Ulisema?"

Nikamdanganya. "Nilisema, Bibi."

"Mbona sikusikia?" Hakuwa na hasira hata kidogo. "Siku yenyewe paza sauti, mwanangu. Naona dawa inaniziba masikio."

Usiku mzima nimelia bafuni ili mume wangu asisikie. Nikimwambia Bibi ukweli, ataacha dawa arudi kuuma shuka. Nikinyamaza, atakufa akiningoja mimi. Na nikitamka, sijui nitarudi Bukoto nikiwa nani, wala kama nitafunguliwa mlango. Waislamu mnaojua dini, maneno hayo yakitoka kwenye mdomo kama wangu yatamfaa? Wakristo wenzangu, kweli Mungu atanikataa kwa ahadi niliyompa mgonjwa? Mnaotaka kunitukana nitukaneni, ila mkimaliza mnielekeze, maana peke yangu nimeshindwa. Na nawaomba mnijibu leo.

Ninapoandika hapa amelala. Asubuhi nilipokuwa namfunga mtandio, alinishika mkono akaniambia sikio la juu niliache wazi.