Fundo la Ukindu Juu ya Seva

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana nikimaliza hutacheka. Sikuota, wala sikuwa na homa, na jua lilikuwa bado linawaka. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi alasiri, hapa hapa Kibiti.

Nafanya kazi kwenye maabara. Tuna seva moja, saizi ya friji ndogo, ambayo kila mchana hutuma yenyewe majibu ya vipimo kwenye zahanati za Delta, kule mto unakoingia baharini. Kazi yangu ni kuhakikisha mafaili yamefika. Kompyuta nimejifunza mwenyewe, kwa simu, na kwa kuwa sina cheti naogopa kukosea kuliko kitu chochote. Ndiyo maana niliandika programu ndogo ya kunikagulia. Ikiona mambo sawa, inaandika IMEKAMILIKA. Nakiri, niliipenda mno programu ile. Nikaacha kufungua mafaili.

Siku hiyo wenzangu walishaondoka. Nikasikia hodi. Akaingia mwanamke wa rika la dada yangu mkubwa, kanga zimelowa chapachapa. Mvua haikunyesha wiki nzima, niamini. Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Akasema ametoka Mbuchi, huko Delta, anaulizia majibu ya mwanawe Shabani, aliyepimwa kifua kikuu. Zahanati haiwezi kumwanzishia dawa bila majibu, na mtoto anakohoa mpaka analegea.

Nikatazama skrini. "Yalishakwenda tangu Jumatano, dada. Yamefika."

"Nani kakwambia yamefika?"

"Mashine."

Akatabasamu kama anayenihurumia. "Mdogo wangu, kwetu ukimpa mtu mzigo apeleke, anakurudishia fundo la ukindu alilofunga aliyepokea. Bila fundo, mzigo haujafika. Wewe umerudishiwa nini?"

Programu yangu ilikuwa inauliza kama sisi tumemaliza kutuma. Haikuwahi kuuliza upande wa pili wamepata nini.

Nikampigia muuguzi wa zahanati ya Mbuchi. Akasema faili la Jumatano analo, ila ni tupu. Alidhani majibu bado hayajatoka. Nikatuma upya, nikamwomba anisomee majina, moja moja, mpaka akafika kwa Shabani. Ni kifua kikuu kweli. Dawa ipo, akasema, anaanza leo leo. Bibi yake yuko nje kwenye benchi.

"Afadhali," nikasema. "Mama yake ninaye hapa."



"Mama yake tumemzika Jumatatu," akasema. "Mtumbwi ulipinduka."

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Sakafuni palikuwa na maji na tope jeusi la mikoko, nyayo za kuingia tu, za kutoka hakuna. Na juu ya seva, fundo la ukindu, bichi.

Shabani alipona, nasikia anacheza mpira. Mimi ndiye sijapona. Kila siku nazipigia zahanati zote wanisomee wanachokiona. Wenzangu wananiita Bwana Fundo. Naamka kabla ya adhana nikiwaza faili gani sijauliza. Fundo lenyewe liko kwenye droo yangu. Nimelianika juani, nimeliweka mbele ya feni. Mpaka leo halijakauka.

Nawe unayetuma kitu cha mtu, usiridhike na neno la mashine. Muulize aliyetakiwa kupokea. Usipouliza wewe, atakuja mwingine kukuuliza, na ukimkaribisha kiti hatakaa.