Mtoto wa Fuseina Hayupo

Birago alipofika kibandani kwa Fuseina, nyuma ya soko kuu la Kumasi, mtoto hakuwepo.

"Memuna yuko wapi?"

"Kwa mwenyewe," Fuseina akasema, akaendelea kufua.

Birago alikuwa ofisa ustawi wa jamii, Mwashanti wa mjini hapo. Fuseina, Mdagomba wa kaskazini, alikuwa amezaa angali msichana. Alibeba mizigo sokoni, na mumewe Yakubu akisukuma mkokoteni. Kwa miezi Birago alikuwa akipita kuwauliza mtoto anakula nini, analala wapi. Walimjibu kwa adabu, kama anavyojibiwa askari.

Alipong'ang'ania, akaambiwa mtoto yuko Savelugu, kwao kaskazini, kwa dada wa Yakubu, ndiye atakayemlea. Kwa Birago na Waashanti wenzake, mtoto ni wa ukoo wa mama. Dada wa baba hana amri juu yake. Siku ile ofisini hakukalika. Mkuu wake alisema mtoto ameuzwa, waitwe polisi. Birago akashika simu, akaiweka, akaishika tena. Mwishowe akatoka, akanunua wali wa kunde, akarudi kibandani na kuketi chini pamoja nao.

"Nielezeni," akasema. "Kwetu shangazi hachukui mtoto."

"Kwetu anachukua," Yakubu akajibu. "Mimi nimelelewa na shangazi. Ila si mapema hivi."

"Sasa haraka ya nini?"

Wakatazamana. Fuseina ndiye aliyesema. "Wewe, madamu. Kila ukija unachungulia sufuria, unachungulia kitanda. Jirani yetu alichunguliwa hivyohivyo, gari likaja kumchukua mwanawe. Tukaona bora awe kwa shangazi kuliko kwenu."

Blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa, akaifunika kwa mkono. Birago akarudisha tonge sahanini. Akamuuliza kama anataka mtoto arudi.

"Utamrudisha wewe?"

"Hapana. Utamwomba shangazi mwenyewe. Mimi nitakusindikiza tu, ukitaka."

Wakapanda basi la kaskazini, Yakubu akabaki kazini. Fuseina hakutulia njia nzima. Kila walipofika kizuizi cha polisi aliikodolea macho simu ya Birago, mpaka Birago akampa aishike mwenyewe.

Shangazi Sanatu aliwapokea kwa maji, kisha akampima Birago kwa macho. Alimuuliza Fuseina kwa Kidagbani, lugha yao, naye Fuseina, akiona haya, akatafsiri: "Anauliza kama wewe ndiye mla watoto."

"Mwambie ndimi. Lakini leo nimeshiba."

Sanatu akauma mdomo asicheke. Fuseina akapiga magoti, akaomba akae na mtoto wake mpaka aache ziwa. Alisema peke yake, Birago hakumsaidia hata neno.

"Kwani nilikunyang'anya?" Sanatu akamwambia. "Mlimleta mbio mbio kama mnafukuzwa. Mchukue. Akikua tutazungumza."

Basi Memuna akarudi Kumasi. Mkuu wa Birago alinuna, akataka maelezo ambayo hayakumridhisha. Fuseina naye hakumwamini Birago kwa siku moja. Mara nyingine alimwona Birago kwa mbali akapita njia nyingine.

Lakini asubuhi moja, Birago akiwa ameketi kibandani, Fuseina aliitwa na mteja mwenye mizigo, akamwekea Birago mtoto mapajani na kuondoka bila kuaga. Memuna akaangua kilio. Birago akasimama, akaketi, akasimama tena akimtikisa begani, macho yake kwenye njia ya sokoni.